Mwenyekiti Amejiondoa

Kama ungefika ofisini kwao mwaka wa elfu mbili na nne ukauliza ni nani hapa asiyekunywa hata chai ya mtu, ungeonyeshwa mlango wa masjala kabla hujamaliza swali. Humo ndimo alimokaa Wahome wa Muigai, karani mkuu wa mafaili, miaka ishirini na miwili katika ghorofa ile ile katikati ya jiji, na sweta la kahawia ambalo wenzake walilijua kuliko walivyomjua mkewe. Ukimletea soda ya shukrani kwa sababu faili lako limepatikana, aliisukuma irudi upande wako wa kaunta kwa kidole kimoja na kukuambia, "Kunywa wewe, mimi nalipwa na serikali." Wengine walimcheka. Wengine walimchukia kabisa, maana mtu kama huyo akikaa katikati yenu anawazibia njia. Lakini kumwita mchafu, hakuna aliyethubutu.

Basi agizo lilipotoka kwamba kila idara iunde kamati ya maadili, mwenyekiti angekuwa nani mwingine? Hawakupiga hata kura. Walimpeleka semina ya siku tatu kwenye hoteli moja mjini, akarudi amechangamka, anatembea na daftari. Neno lililomkaa rohoni kuliko yote lilikuwa mgongano wa maslahi. Mkufunzi aliwaeleza hivi: afisa akiletewa jambo linalomhusu yeye mwenyewe au mtu wa kwao, anatangaza mbele ya wote, anainuka, anatoka nje, na wengine wanaamua bila yeye. Wahome alilipenda neno hilo hata akalitumia kanisani, siku walipokuwa wakichagua mtunza hazina na jina la shemeji yake likatajwa.

Siku ya mwisho ya semina mtu mmoja wa nyuma aliinua mkono akauliza, je, afisa akiwa msafi kazini lakini nyumbani anamtesa mkewe, hapo kamati inasemaje? Mkufunzi alicheka. Alisema maadili ya kazi yameandikwa, mtu akiyavunja unamwonyesha ukurasa. Mema na mabaya ya nyumbani kwako ni wewe na dhamiri yako na Mungu wako, kamati haiingii huko. Ukumbi mzima ukacheka pamoja naye. Wahome hakucheka, aliandika maneno hayo na kuyapigia mstari.

Sasa twende nyumbani kwake Mutuini, maana mambo yenyewe yaliko ni huko.

Mzee Muigai alikuwa na shamba la ekari moja na kidogo, limeteremka kutoka barabarani hadi kijito. Watoto waliobaki walikuwa wawili, Wahome na mdogo wake Virginia. Virginia aliolewa Kinangop, akakaa miaka tisa, akarudi na watoto wawili na godoro moja. Baba hakumuuliza maswali. Alimjengea nyumba ya mabati ya vyumba viwili kule chini karibu na kijito, na Virginia akapanda nduma, sukuma wiki na majani ya ng'ombe. Siku tatu kwa wiki alikwenda Lavington kufua nguo katika nyumba za watu. Siku zilizobaki alimuuguza baba yake, ambaye miguu ilikuwa imekataa. Ndiye aliyemgeuza kitandani, akamnyoa ndevu, akamfulia mashuka. Wahome alinunua dawa, hilo simnyimi. Lakini kununua dawa ni jambo moja, na kumgeuza mzee mwenye vidonda mgongoni mara nne kwa siku ni jambo lingine, na Wahome mwenyewe alilijua.

Jumapili moja baada ya ibada Wahome aliketi ukingoni mwa kitanda cha baba yake. Nyuma ya pazia Virginia alikuwa akikoroga uji. Mzee alimshika mkono mwanawe, akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayekumbusha jambo la kununua sokoni: "Pale kijitoni ni pa Virginia na watoto wake. Usimsumbue." Wahome akasema, "Nimesikia, baba." Wiki mbili baadaye wakamzika.

Na kwa watu wa kule, kama hujui, maneno ya mzazi anayekaribia kuondoka hayachezewi. Hayahitaji karatasi. Mtoto akisimama mbele ya wazee akasema baba alisema hivi, na ni mtu wa kuaminika, mambo yameisha, watu wanakunywa chai. Anayeyageuza maneno hayo anajitafutia laana, na hata wale waliookoka wanaogopa, wasikudanganye.

Mwaka haujaisha, Mutuini nzima ikashikwa na homa ya nyumba za kupangisha. Shamba lililokuwa na mahindi jana, leo lina msururu wa milango ya bluu. Fundi mmoja alipita kwa Wahome, akatembea huku na huku na kamba yake, akamwambia kule juu hapafai, nyumba yako imekula nafasi. Lakini kule chini kwenye kijito, kwa vile sasa kuna barabara mpya ng'ambo, vyumba kumi na viwili vitaingia sawasawa. Wahome hakuwaza kumfukuza dada yake, tafadhali usimwelewe vibaya. Aliwaza kumpa chumba kimoja kati ya vile kumi na viwili, na alijiona mkarimu.

Ili aanze kushughulikia hati, alihitaji barua ya chifu inayotaja warithi, na chifu haandiki kabla wazee hawajakaa. Wazee wakaja Jumamosi, saba, wakaketi uani kwenye viti vya plastiki vya kuazima. Aliyewaongoza alikuwa Mzee Mungai, aliyetahiriwa mwaka mmoja na marehemu. Virginia alipoambiwa aseme, alisimama na aproni yake.

"Baba aliniachia pale kijitoni," alisema. "Alisema Jumapili, mimi nakoroga uji nyuma ya pazia. Hakuniambia mimi, alimwambia Wahome. Wahome alikuwa amekaa kitandani amemshika mkono. Muulizeni."

Mzee Mungai alitikisa kichwa taratibu. "Mwanangu, wewe ndiye unayedai, hatuwezi kushika neno lako peke yake. Lakini huyu ndugu yako hatujawahi kumsikia akidanganya." Akageuka. "Wahome, baba yako alisema hivyo, ama hakusema?"

Swali lilikuwa jepesi hivyo. Jibu lake lilikuwa neno moja.

Wahome alisimama, akafunga kifungo cha koti. Kusema "hakusema" asingeweza, uongo haukuwa wake, ulimi wenyewe ungekataa. Kusema "alisema" ni kuvibomoa vyumba kumi na viwili kabla havijajengwa. Akasimama hapo katikati, na ndipo neno la semina likamjia lenyewe, limenyooka, limepigwa pasi.

"Wazee wangu," alisema, "mimi nina maslahi katika jambo hili. Kule kazini mtu mwenye maslahi hasemi wala haamui, anatoka nje. Sitaki kesho iambiwe kwamba Wahome alitumia jina lake kuwavuta upande wowote. Amueni nyinyi. Mimi nitakubali lolote mtakalosema." Akatoka, akaenda kusimama kando ya zizi la ng'ombe, amewapa mgongo.

Wazee wakaguna kwa heshima, mmoja baada ya mwingine. Mmoja alisema, kama wafanyakazi wote wa serikali wangekuwa hivi, nchi hii ingekuwa mbali. Na katika wazee wote saba, pamoja na mvi zao, hakuna hata mmoja aliyejiuliza mtu anayeshuhudia dhidi ya tumbo lake mwenyewe ana mgongano gani. Waliamua kwamba shahidi hakupatikana. Basi shamba ni la mtoto wa kiume, naye atamwangalia dada yake kwa huruma yake. Barua ya chifu ikatoka na jina moja.

Virginia hakulia. Alileta chai, kwa sababu kuleta chai ilikuwa kazi yake siku hiyo, akawamiminia wazee, kisha akachukua kikombe akampelekea Wahome kule zizini kwa mikono miwili. Wahome alikipokea. Hakumtazama usoni. Alisubiri mpaka amekwenda, akaimwaga chai kwenye samadi.

Hakusema uongo. Hilo alijiambia usiku na mchana. Alijiambia akipiga mswaki, alijiambia akiwa amesimama kituoni Dagoretti Corner. Kama ni kanuni, ameifuata. Mwonyeshe ukurasa aliouvunja. Lakini mtu anayelala vizuri hajielezi hivyo kila asubuhi, na Wahome alianza kupita njia ndefu kwenda kazini ili asipite kule kijitoni mbele ya mlango wa dada yake. Muthoni, mkewe, alimuuliza kwa nini viatu vyake siku hizi vina matope. Alisema ile njia nyingine inatengenezwa. Huo sasa ulikuwa uongo, mdogo, nao ulimtoka bila shida yoyote, jambo lililomtisha.

Virginia naye hakukaa amekunja mikono. Mama mmoja ambaye Virginia alikuwa akimfulia nguo kule Lavington alimwambia siku hizi kila ofisi ya serikali ina kamati, ukiwa na malalamiko juu ya afisa unayapeleka, yanasikizwa. Ndugu yako si anafanya kazi ya serikali? Virginia alikwenda Dagoretti Corner kwa mpiga chapa, akatoa maneno yake, yakachapwa ukurasa mmoja. Kwamba mwenyekiti wa kamati ni Wahome mwenyewe, hakujua. Wahome hakuwa mtu wa kupeleka habari za kazini nyumbani.

Ikawa Alhamisi, kamati imekaa, watu watano na mwenyekiti wao. Katibu alikuwa Kavata, msichana wa Machakos, mwaka wake wa pili kazini, aliyempenda Wahome kama baba yake. Akaingiza kichwa mlangoni.

"Mzee, kuna mama hapa, ako na malalamiko juu ya mtu wetu. Amekataa kuniambia ni nani, anasema ataambia kamati yenyewe."

"Mlete," alisema Wahome. "Mpe kiti kwanza. Mwananchi hasimamishwi."

Virginia aliingia na kitambaa chake cha kanisani. Akaona ni nani aliyekaa mwisho wa meza. Akasimama, mkono umebaki kwenye kitasa cha mlango. Kwa muda mfupi Wahome alidhani atageuka arudi, akaomba ageuke, Mungu amsamehe, aliomba kabisa. Lakini Virginia aliketi, akampa Kavata karatasi. Kavata akasoma kwa sauti, kama ilivyokuwa desturi yao.

"Mimi ninamlalamikia kaka yangu, Wahome Muigai, mfanyakazi wa idara hii. Alisikia maneno ya mwisho ya baba yetu kuhusu shamba. Aliulizwa na wazee, akakataa kuyasema. Naomba aulizwe tena na watu anaowaogopa."

Sauti ya Kavata ilipungua nguvu kadiri alivyosoma, mpaka neno la mwisho halikusikika vizuri. Watu wakatazama meza. Hapo, kama angetaka, Wahome angeweza kusema pale pale: ni kweli, baba alisema. Sekunde mbili. Kinywa kilifunguka kabisa. Kisha mwili ukainuka wenyewe, sauti ikatoka yenyewe, ile ile ya uani, ikasema, "Natangaza mgongano wa maslahi. Mwenyekiti anajiondoa." Akatoka, akakaa kwenye benchi la mbao kwenye ukumbi mrefu wa nje, pale wananchi wanapongojea.

Alikaa robo saa. Wafanyakazi walipita wakamsalimu, "Mzee, uko poa?" akajibu poa. Ndani sauti zilinong'ona. Aliukumbuka mkono wa baba yake ulivyokuwa mwepesi, mifupa tu. Aibu ilimpanda, akafungua kola. Akatamani mtu atoke amtukane. Tusi lolote angelipokea kwa shukrani, angeweza hata kumbusu huyo mtu.

Aliyetoka alikuwa Kavata, macho yamelowa kidogo.

"Tumeona ni mambo ya familia, Mzee, haiko chini ya idara," alisema. "Lakini nataka nikuambie kitu. Leo nimejifunza. Dada yako kabisa, jina lako limesomwa mbele ya watu, na bado ukafuata sheria ukatoka. Mtu mwingine angepiga kelele. Nimeandika yote kwa kumbukumbu za kikao, hata wakubwa wataona."

"Asante, Kavata," alisema Wahome.

Virginia akatoka nyuma yake, ameikunja karatasi yake mara nne. Alisimama mbele ya benchi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuua Wahome kabisa.

"Wameniambia hapa hujakosa kitu," alisema. "Wameniambia wewe ndiye mzuri kuliko wote. Sikujua. Baba angefurahi kusikia hayo." Akatazama huku na huku. "Ngazi ziko wapi?"

Wahome akamwonyesha kwa kidole.

Jumamosi nguzo za ua zikashushwa kando ya barabara mpya. Wahome alishinda asubuhi nzima akijifanya anaangalia ng'ombe. Mchana akapiga moyo konde, akateremka mpaka kijitoni. Virginia alikuwa ndani ya matope hadi magotini, anang'oa nduma zote, kubwa na changa, kabla mafundi hawajazikanyaga. Magunia mawili yalikuwa yamejaa. La tatu lilikuwa tupu, limelala kwenye nyasi.

Wahome alisimama ukingoni.

"Virginia. Baba alisema."

Ilikuwa mara ya kwanza kuyatamka tangu siku ile, na alipoyasikia kwa masikio yake mwenyewe, machozi yalimjaa. Alingoja dada yake naye alie, au aje amshike. Virginia aling'oa shina lingine, akalikung'uta udongo.

"Najua alisema. Nilikuwa nyuma ya pazia."

"Nimeona aibu. Siwezi kukueleza. Hata chakula hakipiti. Nilitaka ujue kwamba mimi..."

"Wahome," alimkatiza, bila kupandisha sauti. "Asiyejua si mimi. Asiyejua ni Mungai. Ni wale wazee wengine. Ni chifu. Ni yule msichana wa ofisini kwako aliyetoka analia kwa kukusifu. Hao ndio hukuwaambia." Akanyoosha mgongo, akafuta paji la uso kwa kiwiko. "Mungai yuko kwake. Nimempita asubuhi akikata majani. Twende hata sasa hivi, ngoja ninawe mikono."

Wahome akainua macho. Paa la Mungai lilionekana juu ya mteremko, si mwendo wa dakika kumi. Aliliona zizi lake, na mtu karibu nalo ameinama. Na nikuambie ukweli, wakati huo kilichomzuia si vile vyumba kumi na viwili tena. Vyumba angeviacha, angeviacha hata kwa furaha. Aliuona uso wa Mungai utakavyokunjamana. Aliwasikia wazee wakisema, kumbe. Alimwona Kavata akifungua kitabu cha kumbukumbu atafute ule ukurasa. Miaka ishirini na miwili alikuwa amelijenga jina hilo, kwa mikono yake, bila kuiba hata kalamu, na sasa alitakiwa apande mlima alitupe kwenye majani ya ng'ombe.

"Nitaenda kesho," alisema.

Katika miaka yote ya kazi yake, Wahome hakuwahi kumwambia mwananchi aje kesho. Virginia alikuwa amesimama kwenye madirisha mengi ya mji huu, neno hilo alilijua vizuri. Aliinama akaliokota lile gunia tupu, akamrushia.

"Basi nishikie," alisema.

Wahome alilifungua mdomo kwa mikono miwili, akalishika wazi, na dada yake akaanza kutia nduma.